Kifumbo cha Spoki Mlangoni pa Bibi Arusi

Wanawake wa rika langu pale mtaani kwetu Malindi kila mmoja alikuwa na lake la kujivunia. Kuna aliyesifiwa kwa biriani, kuna aliyesifiwa kwa sauti yake kwenye maulidi, na kuna mmoja, Mungu amrehemu, aliyesifiwa kwa kujua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua. Mimi nilikuwa nafungua vifumbo vya chuma. Nalisema hilo bila haya. Nikiulizwa kama nilikuwa hodari, nasema ndiyo, kwa sababu nikisema sikuwa hodari nitakuwa nasema uongo, na umri huu si wa kuanza kusema uongo.

Vifumbo vyenyewe vilitoka mikononi mwa baba yangu. Alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa kwenye uchochoro unaoteremka bandarini. Miaka ile iliyofuata Mapinduzi vipuri vilikuwa adimu, na baiskeli za mjini ziliendeshwa mpaka zikafa, zikifa baba anazifufua. Kwa hiyo hakutupa kitu. Tairi kuukuu ilikatwa viraka, mnyororo uliokatika uliungwa kwa mwingine. Spoki iliyovunjika ndiyo iliyokuwa haina kazi tena kwenye gurudumu, na hiyo ndiyo aliyoigeuza kifumbo. Aliipasha moto, akaizungusha kwa koleo mizunguko mitatu iliyopandana, kila ncha akaikunja ikawa kitundu kidogo, na kile kitundu akakilehemu kikaziba maungio yake kabisa. Kisha akaiingiza humo pete ya waya wa shaba, kwa njia anayoijua yeye.

Ukikishika unaona pete inacheza. Inakwenda huku, inarudi huku, inagonga hapa na pale, lakini haitoki. Kazi yako ni kuitoa. Hupindi, hukati, hutumii nguvu.

Wateja waliokaa kungojea tairi zao zizibwe walipewa kifumbo wapoteze wakati. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu na heshima zao, wakitoka jasho kwa kipande cha spoki. Mmoja alikirusha mtaroni. Mwingine alikwenda nacho nyumbani akaona haya kukirudisha, akawa anapeleka baiskeli yake kwa fundi wa Mlandege. Na wote, bila kubakia hata mmoja, walisema neno lile lile: kifumbo hiki kibovu, kimefungwa vibaya, hakitoki. Baba hakuwajibu. Alikichukua, akageuka akawapa mgongo, na alipogeuka tena pete ilikuwa kwenye kiganja kimoja na spoki kwenye kingine. Halafu akawapa mgongo tena na kukifunga. Kumwonyesha mtu njia hakukubali kabisa, hata mimi mwanawe wa pekee.

Mama yangu alifariki ningali mdogo, na aliyenilea ni shangazi yangu, dada yake baba, tuliyekuwa tunakaa naye nyumba moja. Nilipomaliza skuli nikawa mwari wa ndani, nashona kofia. Siku moja baba aliacha kifumbo juu ya meza, na mimi nikakishika kwa kuwa uzi ulikuwa umenishia. Sikujua ninachokianza.

Sitaki kusema kwamba nilipenda tangu mwanzo. Nilikichukia. Kuna mambo mengi magumu duniani, lakini mengi yana namna ya kukuonyesha kuwa unasogea: ukishona unaiona safu imeongezeka, ukipika unasikia harufu. Kifumbo hakikupi lolote. Unavuta pete, inakataa. Unaigeuza, inakataa. Unajiona umefika, umebakia unywele tu itoke, kumbe upo pale pale ulipokuwa asubuhi. Wala hakikwambii umekosea wapi, kimenyamaza tu. Nilikuwa na hasira nyingi ujanani, na siku moja nilikirusha ngazini, nikakisikia kinashuka ngazi hadi ngazi mpaka chini kabisa mlangoni. Baba alipopanda kuja kula mchana alikuja nacho. Alikipangusa kwa shuka yake, akakiweka kando ya sahani yangu, akala wali wake. Nilikasirika zaidi kuliko kama angenigombeza.

Mwisho nilikuja kujua kosa langu, ambalo ni kosa la kila mtu. Nilikuwa navuta kuelekea nje. Macho yanaona mahali pa wazi, na mkono unakimbilia hapo. Lakini pete ya kifumbo kile haitoki mpaka kwanza uizamishe. Lazima uipeleke ndani, kwenye mzunguko wa kati, mahali ambapo yeyote mwenye akili zake angeapa kuwa ndipo mbali kabisa na kutoka. Nilipolipata hilo mikono ililipata kabla ya kichwa. Nilikuwa nimekaa jikoni nangojea maji yachemke, nakigeuza bila kukiangalia, mara nikaona pete imo mapajani mwangu na spoki iko mkononi. Nilipiga kelele mpaka shangazi akatoka mbio akidhani nimeungua.

Furaha ile haikudumu, maana sikuweza kukifunga tena. Hilo watu hawalijui. Kuitoa pete ni kazi, lakini kuirudisha ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu wakati wa kutoa unaweza kubahatisha, na wakati wa kurudisha bahati haikusaidii. Nililia machozi kwa kile nilichokuwa nimekifungua mwenyewe. Nilipoweza kukifunga na kukifungua nitakavyo, baba alinitengenezea kingine, kigumu zaidi, na kingine, mpaka nikawa nimemaliza akili zake zote. Lakini kile cha kwanza ndicho kilichokaa nami. Nilikuwa nikikifungua huku nimefumba macho. Nikakijua kwa sikio: pete ikipita kwenye mzunguko wa nje hutoa mlio mzito, ikiingia wa kati mlio hufifia, na ikigonga kitundu kilicholehemiwa hulia kwa sauti nyembamba. Ungeniweka chumba cha pili nikakwambia mtu amefika wapi.

Ndipo akaja mposaji kutoka Bububu. Alikuwa akipima karafuu kwenye ghala la bandarini, mtu wa mizani, na kila asubuhi alikuja mjini kwa baiskeli. Baba alimjua kwa njia hiyo.

"Mtu mpole," baba akanambia. "Na ana kazi yake."

"Kila mposaji mpole, baba," nikamjibu. "Akishaoa ndiyo upole unakwenda zake."

Baba akacheka, lakini nilikuwa sichezi. Sikuwa na sababu ya kumkataa yule mtu. Nilikuwa nimemwona kwa dirishani akipita, akateremka kwenye baiskeli kumpisha mchukuzi mwenye gari la hamali, na nikapenda vile alivyoteremka bila kununa. Lakini kuteremka baiskeli si kitu cha kujengea nyumba. Mimi nilitaka kumjua mbele ya kitu kisichobembelezeka. Mtu unaweza kumsemesha maneno matamu, na yeye akakuonyesha upole, na wote wawili mkadanganyana. Chuma hakidanganyiki. Nilikuwa nimeshawaona wanaume kibandani kwa baba, nikajua nani ni wa kurusha mtaroni, nani ni wa kuficha, nani ni wa kutukana. Na huyu nilitaka kumjua ni wa namna gani, hata kama nitamjua baada ya ndoa kufungwa.

Kwetu bwana arusi akishafunga ndoa huletwa kwa shangwe mpaka mlangoni kwa mkewe, na pale mlangoni huzuiwa. Somo wa bibi arusi, yule mwanamke aliyemfunda, huukamata mlango yeye na wenzake, na hawaufungui mpaka watolewe cha kufungulia mlango. Hapo ndipo penye utani na nyimbo na kupandishiana. Nikamwambia shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu, kwamba sitaki bwana arusi atozwe fedha. Nataka apewe kifumbo. Akitoa pete, mlango uko wazi.

Shangazi alikuwa mtu wa makubwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Hilo halijapata kutokea Malindi." Kwake hiyo ilikuwa sifa tosha, na kuanzia siku ile alilitangaza kama lake.

Baba aliposikia aliniuliza tu, "Na asipokifungua?"

"Atakifungua," nikasema.

Sikujua kwa nini nimesema hivyo. Pengine nilitaka iwe hivyo, basi.

Siku ya arusi asubuhi nilikifungua kifumbo ili kujituliza moyo, na kabla sijakifunga nikaitwa kwenda kukogeshwa. Nikaviacha vipande viwili dirishani, nikasema nitarudi. Bibi arusi harudi anakotaka. Nikasuguliwa, nikafukizwa udi, nikavishwa, nikapambwa asumini, na bingwa wa kupaka piko akachelewa kufika, akaja baada ya alasiri wakati watu wa Bububu wameshaonekana njiani. Akanichora haraka haraka, mwisho akanitia piko kwenye ncha za vidole vyote, rangi nyeusi mbichi inayong'aa, na mikono yangu ikalazwa juu ya mito miwili. Nikaambiwa nisiguse kitu mpaka ikauke.

Ngoma zikasikika uchochoroni. Hapo nikakumbuka.

"Shangazi," nikamnong'oneza. "Kifumbo. Kipo vipande viwili."

"Nshakifunga zamani," akasema, anajiweka sawa mtandio wake.

"Umekifunga wewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

Nikamwangalia. Shangazi yangu hakupata kukifungua kifumbo kile hata siku moja. Alikuwa akikishika kidogo, akasema ni mchezo wa watu wasio na kazi, akakiweka. Nilitaka kumwambia anioneshe, lakini alikuwa ameshakwenda nacho nje, na mlango ukafungwa nyuma yake. Nikabakia kitandani na bingwa wa piko na wasichana wawili wa kunipepea.

Kila kitu nilikisikia kwa masikio. Nilisikia miguu ikipanda ngazi, nilisikia vicheko, nikamsikia shangazi akitoa hotuba yake kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: hatutaki fedha yako bwana, toa hiyo pete, mkeo yuko nyuma ya mlango huu. Watu wakashangilia. Halafu pakawa kimya, na kimya kile kilinifurahisha, maana wengi wakikishika huanza papo hapo kukitikisa. Yeye alikuwa anakitazama.

Kisha mlio wa kwanza, ule mzito. Vizuri, nikasema moyoni. Hakuvuta. Mlio wa pili, bado mzito. Nikangojea pete iingie mzunguko wa kati na mlio ufifie. Badala yake nikasikia sauti nyembamba. Akarudisha, akajaribu tena, sauti nyembamba ile ile.

Hapo nikajua. Pete ilikuwa imo ndani ya kitundu kilicholehemiwa. Hakuna njia duniani ya kuifikisha pete humo kwa kukizungusha kifumbo. Njia ni moja, kuipanua pete yenyewe pale waya unapokutana, kuichomeka kitunduni, na kuibana tena. Shangazi alikuwa ameshindwa kukifunga, akaipanua ile shaba kwa meno, kama nilivyokuja kuona baadaye, akaipachika mahali alipoona panafaa. Kwa mtu asiyejua, kilionekana sawa kabisa. Na pete isingetoka mpaka siku ya kiyama.

Na mimi nilikuwa siwezi kusema. Bibi arusi hasemi. Anakaa kimya, macho ameyafumba, mpaka mumewe aingie, amsomee dua na kumpa mkono. Anayepaza sauti kabla ya hapo huambiwa hana adabu, na wanaosemwa zaidi ni waliomlea. Nyumba yetu ilikuwa imejaa wanawake wa mtaa mzima, na hakuna hata mmoja ambaye angelisahau.

Huko nje wakaanza kumcheka. Mwanamke mmoja akatunga wimbo hapo hapo wa bwana arusi aliyelala ngazini, na wengine wakaudaka. Nikamsikia rafiki wa bwana arusi, mpambe wake, akimwambia kwa sauti ya chini, karibu kabisa na mlango, "Ipanue hiyo pete, ni shaba tu hiyo. Nani atakuona?"

"Hapana," akasema. "Nimeambiwa niitoe. Sikuambiwa niivunje."

Nilimpenda pale pale, na nilizidi kuogopa, kwa sababu mtu mwongo angeshatoka kwenye shida ile.

Mama yake alikuwa mmoja wa waliokuja naye, mwanamke wa Bububu mwenye sauti ya kukata. "Jamani, inatosha," akasema. "Mwanangu hakuletwa hapa kuchezewa."

"Kama hawezi aseme hawezi," akajibu shangazi. "Tutampokea hivyo hivyo."

"Siwezi," akasema yeye. Wanawake wakapiga kelele za ushindi. Akangojea zitulie. "Wala hakuna atakayeweza. Hiki kimefungwa vibaya."

Wakacheka, wacha wacheke. Ni neno lile lile la kibandani, lililokuwa limekuwa dhihaka Malindi nzima, na shangazi akalikamata kama alikuwa analingojea. "Kimefungwa vibaya! Kila aliyeshindwa na vifumbo vya nyumba hii kasema hivyo, bwana wee. Hebu tafuta jengine."

"Basi," mama yake akasema. Hakupaza sauti, na kwa hiyo wote walimsikia. "Twende zetu. Mwanangu kaoa, ndoa imeshafungwa. Mkewe mtamleta wenyewe Bububu siku mtakayojua kuheshimu watu." Na nikasikia viatu vyake vinateremka ngazi, na vingine nyuma yake.

Nilijua maana yake. Bwana arusi akiondoka mlangoni, jina halimwachi. Angekuwa yule aliyeshindwa kuingia kwa mkewe mpaka wajukuu zake, kwa kosa ambalo si lake, na kwa kusema kweli. Na mimi ningepelekwa kwa mama mkwe nikiwa mwanamke aliyemdhalilisha mwanawe mbele za watu. Ndoa ikianza hivyo inakaaje?

Nikafumbua macho. Nikasema, kwa sauti ambayo mpaka leo najivunia haikutetemeka, "Kasema kweli."

Mmoja wa wasichana aliangusha upepeo. Kule nje wimbo ukakatika.

"Kasema kweli," nikarudia, kwa nguvu zaidi. "Pete imo ndani ya kitundu kilicholehemiwa. Haitoki. Si yeye aliyeshindwa."

Viatu vikasimama ngazini. Halafu ikaja sauti ya bwana arusi, karibu, anausemesha mlango.

"Naam," akasema. "Kitundu cha kushoto."

Hayo ndiyo maneno ya mwanzo mume wangu kunambia. Wenzangu waliambiwa mengine siku zao, na kila mtu na bahati yake.

Shangazi akaingia na kifumbo mkononi, wanawake kadhaa nyuma yake, akaufunga mlango kwa mgongo. Uso ulikuwa umembadilika. "Umeniaibisha mbele za watu," akaninong'oneza.

"Nisamehe, shangazi. Lakini bora nisemwe mimi sina adabu kuliko yeye aitwe mwongo."

Alikuwa mtu wa kujua kushinda, na hakupata kujifunza lile jengine. Mwisho akasema kwa sauti ya kuelekea mlangoni, "Basi bwana na aingie, yaishe."

"Siingii," likaja jibu. "Nimeambiwa nifungue, na nifungue. Kirekebisheni tu. Mimi nipo hapa." Na tukasikia akikaa kitako kwenye ngazi, na kanzu yake ya arusi.

"Mwanangu!" mama yake akasema kutoka chini.

"Mama, kaa na wewe. Hakitachukua muda."

Nikatoa mikono yangu juu ya mito. Bingwa wa piko aliguna kama amechomwa mkuki, akasema kazi yake yote inaharibika, na kweli iliharibika. Nikaomba mkasi. Kwa ncha ya mkasi nikaipanua pete, nikaitoa kitunduni, nikaibana tena maungio yake yakakutana. Shaba ilikuwa na alama ya meno, nikaigeuzia ndani isionekane. Halafu nikaanza kukifunga kama inavyopasa, kwa njia ya baba, kinyumenyume, mbele ya wanawake walioingia kichwa juu ya kichwa kutazama. Rangi ilikuwa inateleza vidoleni, na pete ilikuwa inateleza pamoja nayo. Nilikosea mara moja, nikarudi mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mzunguko wa nje, wa kati, kugeuza, kuzamisha, na pete ikakaa ndani yake, salama. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile, wala kofia, wala chakula, wala chochote.

"Mpe," nikamwambia shangazi. Akakipeleka.

Nikasikiliza. Mlio mzito, mlio mzito. Mlio ukafifia, yumo mzunguko wa kati. Kisha akasimama. Niliijua ile sehemu. Hapo ndipo mimi nilipokwama mpaka nikakirusha ngazini. Pale mkono unataka kutoka, na mtu anatakiwa azidi kuingia. Akajaribu kutoka, ikakataa. Akajaribu tena. Neno moja tu lilikuwa linamtosha, na neno lenyewe lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimeshasema, adabu ilikuwa imeshakwenda, kusema mara ya pili kusingenigharimu kitu. Lakini nikauma midomo. Mtu aliyekataa kuipanua pete kwa meno sikuweza kumnyang'anya ushindi wake kwa mdomo wangu.

Akakiweka chini. Nikamsikia akishusha pumzi, hata kutukana hakutukana. Akakaa tu, na ngazi nzima ikakaa naye. Kisha akakichukua tena, na mlio uliokuja ulikuwa hafifu, kisha hafifu zaidi, anaizamisha. Nikajua kabla yake. Pete ikalia kwenye jiwe la ngazi.

Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa mama mkwe wangu. Kilitoka kule chini, kikapanda na yeye ngazi zote, na nyumba nzima ikaitikia. Shangazi akaufungua mlango kwa mikono miwili kama vile mambo yote yamekwenda alivyoyapanga.

Ilinipasa niwe nimefumba macho. Nilikuwa nimeshavunja mengi, nikavunja na hilo. Niliona mtu mrefu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, kofia imekaa upande, anacheka kwa haya. Akaja, akaniwekea mkono kichwani, akasoma dua yake. Kisha akanipa mkono, na wanawake waliokuwa karibu wakashika midomo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Piko yangu mbichi ilikuwa imebakia kwenye spoki na kwenye pete, na yeye alikuwa amekishika kifumbo kile kwa muda wote ule, akakigeuza na kukibana, mpaka rangi ikamwingia kwenye ncha za vidole vyote, vya kulia na vya kushoto. Alikuwa ameshapakwa na mimi kabla hajanigusa.

Piko haiondoki kwa sabuni. Huisha yenyewe, polepole, na mwanamume mwenye piko vidoleni ni kichekesho. Fungate ilipokwisha akarudi ghalani, na nikamwambia avipake mafuta ya taa, avisugue kwa ndimu, afanye lolote asije akachekwa. Akasema atafanya. Hakufanya. Baadaye baba ndiye aliyenihadithia, maana alikwenda ghalani kupeleka baiskeli ya mtu akayasikia mwenyewe. Wachukuzi walimzunguka wakimcheka, wakimuuliza nani kampamba. Naye alikuwa amesimama mbele ya mizani, anaweka mawe ya kupimia kwa vidole vyake vyeusi mbele ya kila mtu, wala hakuvificha.

"Mke wangu ni fundi," akawaambia.